Pipa la Kijani na Mizizi ya Vitunguu

Kazi yangu ya kwanza ilinikaa mikononi kwa harufu. Jioni nilipopanda baiskeli kurudi nyumbani upande wa Lurambi, wanawake waliokuwa wakitoka sokoni walinipisha njia huku wakivuta pua na kuulizana kama leo nimepika au nimepikwa. Wakanibandika jina, mke wa vitunguu. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mara mbili tatu niliwajibu kwa maneno ambayo mama yangu aliyasikia kabla sijafika mlangoni. Lakini niliipenda kazi ile kuliko nilivyotaka kupendwa na watu, na hata leo nikishika kitunguu hutazama kwanza kitako chake, pale mizizi inapotokea.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru, bendera mpya ikiwa bado haijafifia rangi kwenye mlingoti wa ofisi za mkoa pale Kakamega, na kila mwenye cheti akitarajia kiti. Mimi nilikuwa na cheti cha shule ya upili, nikapata kiti kirefu kisicho na mgongo, mbele ya hadubini, katika nyumba ya mawe iliyowahi kuwa ya meneja wa mgodi wa dhahabu. Wazungu wa mgodi walikuwa wameondoka zamani na nyumba ikabaki na popo, mpaka alipokuja Daktari akawahamisha popo na kuiita maabara. Ilikuwa kwenye njia ya Shirere. Vyumba vilikuwa vitatu, na jiko likageuzwa mahali pa kuwekea rangi na asidi.

Daktari hakuwa daktari wa watu. Alikuwa mtu wa upande wa Maragoli, aliyesomea nchi ya baridi kali na kurudi na makoti mawili mazito asiyoyahitaji. Wiki za mwanzo akina mama walimletea watoto wenye homa, naye kila mara alieleza upya kwamba yeye ni daktari wa mimea, kisha kwa aibu akawaandikia kikaratasi cha kwenda nacho hospitali. Siku yangu ya kwanza alinieleza kazi akiwa ameshika kitunguu mkono mmoja na wembe mkono mwingine.

"Ndani ya kila seli ya mwili wako kuna nyuzi," alisema. "Humo ndimo ilimoandikwa kwamba wewe uwe na mwanya kama mama yako, na hiki kitunguu kiwe kitunguu, kisiwe ndizi. Seli ikitaka kuwa mbili, nyuzi zinajinakili kwanza, halafu seli mbili zinagawana."

"Na uzi ukikatika?"

"Maandishi yamekatika. Seli inaweza kufa, au inaishi na kosa lake na kulirithisha. Mimi nataka kujua ni vitu gani hapa kwetu vinakata nyuzi. Dawa ya kunyunyizia kahawa, dawa ya kuua mbu, maji ya yale mashimo ya dhahabu. Tunaishi navyo na hakuna aliyeviuliza."

"Na vitunguu vimekosa nini?"

Alicheka. Alisema nyuzi za kitunguu ni nene na ni chache, mtu anaweza kuziona zote kwa jicho la hadubini, tena kitunguu kinapatikana sokoni kila siku na hakina ndugu wa kuja kulalamika.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza. Unachukua kitunguu kidogo, unakikwangua kitako kwa wembe mpaka kiwe cheupe, unakikalisha juu ya mdomo wa chupa ya jemu iliyojaa maji unayotaka kuyajua, kitako kiguse maji tu, kisizame. Siku ya pili au ya tatu mizizi imeteremka. Unakata ncha, urefu wa punje ya mchele, unaziua papo hapo katika spiriti iliyochanganywa na asidi ya siki, ili kila seli ibaki katika tendo ililokuwa ikilifanya. Kisha unazipasha moto kidogo, unazitia rangi ya zambarau, unaweka ncha moja juu ya kioo, unaifunika kwa kioo kingine chembamba na kuibonyeza kwa kidole gumba. Hapo kwenye kubonyeza ndipo mtu huonyesha mkono wake. Daktari alivunja vioo vingi. Mimi nilikuwa nimekua nikisaga ulezi kwenye jiwe, nikajua uzito wa mkono wangu, na baada ya mwezi mmoja kazi ya kubonyeza ikawa yangu peke yangu.

Nilipoona kwa mara ya kwanza, nilibaki nimeinama juu ya hadubini mpaka Daktari akadhani sioni kitu. Seli zilijipanga kwa safu, na katika baadhi yake nyuzi za zambarau zilikuwa zimesimama katikati, au zimekwisha kuachana makundi mawili, moja likivuta huku na jingine kule, sawasawa, kama wanawake wawili wanaokunja shuka. Nilitaka kujua nani huziambia ziachane. Nilitaka kujua kama ndani ya kidole changu, wakati ule ule, zilikuwa zikifanya vivyo hivyo. Daktari alijibu swali la pili kwamba ndiyo, na la kwanza akasema hajui, na nikamheshimu zaidi kwa lile la kwanza.

Kisha akanionyesha mizizi iliyooteshwa katika dawa ya kahawa. Nyuzi ziliachana vibaya. Mahali fulani uzi mmoja ulibaki umenyooka kati ya makundi mawili, umeshikwa huku na kule, hauendi popote. Mahali pengine vipande vilibaki nyuma, vimetupwa katikati bila mwenyewe. Kazi yangu ikawa kuhesabu hizo zilizovunjika na zile nzima, saa nne, saa tano kwa siku, kalamu mkononi na jicho moja limefumbwa.

Nyumbani tulikuwa watatu. Baba alikuwa ameshafariki, na kaka yangu alikuwa na kazi ya reli Kisumu, akija mwisho wa mwezi. Aliyebaki na mama na mimi ni mke wake, mulamwa wangu nami mulamwa wake, mwanamke mpole wa maneno machache aliyekuwa na tabia moja iliyomuudhi mama: alinusa kila kitu kabla ya kukila. Alinusa obusuma, ugali wetu, alinusa maziwa, alinusa hata mboga alizochuma mwenyewe. Mama alisema kwao walimlea na paka.

Lakini tabia hiyo haikuwa kitu mbele ya shida yetu. Mulamwa alikuwa amepoteza mimba mbili, moja baada ya nyingine, zote zikiwa zimeanza kuonekana. Watu walisema mengi, na mama, ambaye hakuwa mtu wa kusikiliza waganga, alijitafutia jibu lake mwenyewe. Alinyoosha kidole kwenye chemchemi. Chemchemi yetu ilitoka chini ya vilima vya mchanga mweupe ambavyo mgodi ulivitema kwa miaka na kuviacha. Hata nyasi ziliota juu yake kwa kusitasita. Mama alisema maji yanayopita chini ya kitu kama kile hayawezi kumfaa mtu aliye na mtu ndani yake.

Hapo ndipo mimi nilipoingia na pipa. Mshahara wangu wa kwanza nilitaka ufanye kitu cha kuonekana. Mjomba wangu, ndugu ya mama, alikuwa amepata shamba Lugari, katika ardhi zilizogawanywa za wazungu, na aliniambia mzungu mmoja jirani alikuwa anaondoka na kunadi kila kitu: viti, mapazia, majembe, hata mashine ya kukamua maziwa. Nilimwagiza mjomba pipa la chuma. Lilikuja juu ya lori la mahindi, kubwa, lenye mbavu mbili, na kijiji chote kilikuja kulipiga vibao kusikiliza mlio wake. Pipa la mzungu. Hakuna aliyeuliza lilikuwa na nini, kwa sababu sote tulijua wazungu walivyokuwa wakiosha vyombo vyao. Tuliliosha kwa jivu na maji moto mara tatu hata hivyo. Ubavuni lilikuwa na maandishi yaliyoliwa na kutu, machafu, na kwa kuwa nilitaka zawadi yangu ipendeze nilinunua rangi ya kijani nikalipaka lote nje, mara mbili. Tukaliweka chini ya mfereji wa mabati, na mvua za Kakamega zikafanya kazi yake.

Mama akaweka sheria. Maji ya pipa ni ya kinywaji cha mulamwa tu, tangu siku aliposema amekosa siku zake mpaka mtoto atakapoachishwa ziwa. Sisi wengine tutaendelea na chemchemi. Kila asubuhi mama mwenyewe alichota mtungi mdogo, akaufunika kwa jani la mgomba na kuupeleka chumbani kwa mulamwa. Nililiona jambo hilo kila siku nikienda kazini, mimba ya tatu ikiwa ya miezi mitatu, kisha minne, kisha mitano, na nilijisikia kwamba mimi pia nilikuwa nimeibeba kwa upande wangu.

Haikuchukua muda kabla sijamwomba Daktari aipime chemchemi yetu. Udadisi ulikuwa unanitafuna, na si udadisi mtupu: nilitaka kwenda kwa mama na ushahidi kwamba alikuwa na haki. Daktari alikubali mara moja, maana maji ya mgodi yalikuwa katika orodha yake.

"Lete," alisema. "Lakini chupa moja peke yake haina habari. Niletee na maji ambayo una hakika ni safi, tuyalinganishe."

Kwa kawaida tulitumia maji ya mvua ya tangi la maabara, lakini ilikuwa kiangazi cha mwanzo wa mwaka na tangi lilibaki na matope na chura mmoja. Maji ya bomba la mji yalitiwa dawa. Nikamwambia asijali, nyumbani tuna maji ya mvua yaliyo safi kuliko ya tangi lake, na nilisema hivyo kwa kiburi, nakumbuka, nikiwa nimeweka mikono kiunoni. Kesho yake nilifunga chupa mbili nyuma ya baiskeli, moja ya chemchemi, moja ya pipa, nimezizungushia majani ya mgomba zisigongane. Mama alinihesabia maji hayo ya pipa kama mtu anayetoa damu.

Daktari alikuwa na utaratibu mmoja ambao mwanzoni niliuona wa kunidharau. Anayehesabu hakuruhusiwa kujua anahesabu nini. Yeye ndiye aliyemimina maji kwenye chupa za jemu nikiwa nje, akafunga kila chupa uzi wa sufu, nyekundu au nyeupe, na kuandika katika daftari lake ni ipi ni ipi. Mimi niliona rangi ya uzi tu. Alinieleza kwamba jicho linalotaka kitu hukiona hata kama hakipo, na kwamba hata lake yeye haliamini.

Nilihesabu siku nzima. Nyeupe ilikuwa nzuri. Nyuzi zake ziliachana kwa adabu, na kosa moja moja nililolikuta lilikuwa la kawaida ya kitunguu chochote. Nyekundu ilinitia huzuni hata kabla sijafika nusu. Kwanza seli zilizokuwa zikigawanyika zilikuwa chache, kama mzizi umechoka. Na hizo chache zilikuwa na nyuzi zilizovutwa kati, vipande vilivyoachwa nyuma, na nyingine nyuzi zake hazikuachana kabisa, zimejikusanya mahali pamoja. Nikawaza habari ya mulamwa na zile mimba mbili, na nikasema moyoni, mama, uliona sawa. Niliingia kwa Daktari na karatasi yangu na kumwambia afungue daftari.

Alifungua, akasoma, akanitazama juu ya miwani.

"Nyekundu ni pipa," alisema.

Nilimwambia amekosea nyuzi za sufu. Nilimwambia hivyo wazi, mwajiri wangu, mtu aliyenizidi kwa kila kitu, na sauti yangu ikapanda. Akageuza daftari nilisome mwenyewe. Nikasema basi mimi ndiye niliyebadilisha chupa nyumbani. Nikasema ni chura wa tangi. Nikasema chupa yangu ilikuwa na masalio ya siki. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akasema kwa upole kwamba hayo yote yanawezekana na ndiyo maana kazi hurudiwa.

Sasa nakuja kwenye sehemu nisiyoipenda. Ningeweza jioni ile ile kufika nyumbani na kusema, mulamwa, usinywe kwanza. Maneno matatu. Sikusema. Nilijiambia kwamba bado hatuna hakika, na kweli hatukuwa nayo, lakini sababu yenyewe ilikuwa kwamba pipa lilikuwa langu. Asubuhi iliyofuata nilisimama uani nikamwona mama akichota, nikaiona mimba ile chini ya leso, nikapanda baiskeli. Nilifanya hivyo kwa wiki mbili. Nimewahi kufanya makosa makubwa kuliko hayo, lakini hakuna ninalolionea aibu zaidi.

Kwa mara ya pili nilitaka maji ambayo hata mimi singeweza kuyasingizia kitu. Niliomba lifti kwenye lori la mbao mpaka Buyangu, nikaingia msituni na mlinzi wa msitu, mzee aliyetaka sana kujua kwa nini msichana asafiri safari yote ile kuchota maji wakati maji yako kila mahali. Nilimwambia nataka kuyaonyesha kwa vitunguu. Hakucheka. Aliuliza kama vitunguu vitayapenda. Nilijaza chupa kwenye kijito kilichotoka gizani chini ya miti, maji baridi mpaka vidole vikauma, na nikarudi nimeishika mapajani njia nzima.

Safari hii nyuzi za sufu zilikuwa tatu, na Daktari alihesabu pia, peke yake, kwa vioo vile vile, bila kuniambia alichopata. Mimi nilinawa mikono kwa sabuni mara tano kabla ya kuanza. Nilijua tangu kioo cha pili ni uzi upi wa pipa, lakini nilihesabu vyote mpaka cha mwisho. Daftari lilipofunguliwa, msitu na chemchemi vilikuwa karibu ndugu. Pipa lilikuwa kama mara ya kwanza. Hesabu zake na zangu zilikubaliana.

"Chemchemi inachujwa na mchanga mwingi, labda," Daktari alisema. "Au sumu ya mgodi haifiki huko. Sijui. Hilo pipa lilikuwa na nini?"

"Lilikuwa la mzungu," nikasema, na nilipojisikia nikisema hivyo kwa sauti niliona jinsi jibu lile lilivyokuwa si jibu.

Nilimweleza habari ya mulamwa, yote, kwa mara ya kwanza. Akavua miwani.

"Kitunguu si mwanamke," alisema. "Kitunguu kinatoa habari za kitunguu. Ukiniuliza kama maji haya yanaweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa sayansi siwezi kukujibu. Lakini mke wangu singempa."

Ilikuwa Jumamosi, saa sita. Nilipanda baiskeli na sikumbuki njia. Nilimkuta mama uani amekaa juu ya gunia akipukuchua mahindi, na nikamwambia nikiwa bado nimeshika usukani: maji ya pipa ni mabaya, na chemchemi ni nzima. Nyumbani tuliongea Kiluhya, nami maneno yetu nayaandika hapa kwa Kiswahili kile tulichokuwa nacho.

Mama hakuacha kupukuchua. "Nani amesema?"

"Vitunguu."

"Vitunguu ndiyo inakwambianga maji ya kunywa?" Akatupa gunzi pembeni. "Wewe mwenyewe ulileta hii pipa. Ulisema ni ya mulamwa. Watu walikuja hapa kukushukuru. Leo unarudi na vitunguu unaniambia nimelisha mtoto wa kaka yako sumu?"

Nilichukua kisu cha jikoni nikaenda kwenye pipa na kuanza kukwangua. Niliikwangua ile rangi yangu ya kijani, tabaka mbili, pale nilipokumbuka maandishi yalipokuwa. Ilitoka vipande vipande. Kutu ilikuwa imekula maneno mengi, lakini iliyobaki ilitosha. Palikuwa na neno la Kiingereza la ng'ombe na neno la kuogeshea, na chini yake fuvu la kichwa na mifupa miwili iliyopishana. Ilikuwa dawa ya josho, ile ya kuulia kupe, ambayo sote tulijua kwamba ng'ombe akiilamba hafiki zizini.

Nilikuwa na cheti cha shule. Kiingereza kilikuwa somo langu bora. Siku ile ya rangi maandishi yale yalikuwa mbele ya macho yangu kwa mchana mzima na sikuyasoma, kwa sababu yalikuwa machafu na mimi nilikuwa na haraka ya kuyafunika. Nilimwambia mama hivyo. Nililia pia, na mimi si mtu wa kulia.

Mama alisimama, akaja, akaligusa lile fuvu kwa kidole. Hasira ilimtoka usoni akabaki ameduwaa. Akaita jina la mulamwa mara moja, kwa sauti ndogo.

Mulamwa alikuja kutoka nyuma ya jiko akijifuta mikono. Mama alimwambia kwamba maji aliyokuwa akimpa miezi yote ile hayakuwa mazuri, kwamba hakujua, kwamba asiyaguse tena. Mulamwa alilitazama pipa, akanitazama mimi na kisu changu, akainamisha kichwa kama mtu aliyefumaniwa.

"Mama, nisamehe," alisema. "Mimi sijakunywa hiyo maji."

"Unasema nini?"

"Niliionja siku ya kwanza. Ilinuka. Harufu kidogo tu, kama sarafu ukiweka kwa mdomo. Nikaogopa kukwambia, sababu ni zawadi ya mulamwa. Nilikuwa namwaganga kwa migomba. Asubuhi nikienda kuni, nakunywa kwa chemchemi."

Tulikwenda wote watatu nyuma ya jiko. Migomba miwili iliyokuwa karibu na dirisha la chumba chake ilikuwa imegeuka manjano na kukunja majani. Tulikuwa tumekilaumu kiangazi.

Nilikaa chini palepale, kwenye majani makavu. Mimi nilikuwa na hadubini kutoka nchi ya ng'ambo, rangi ya zambarau, nyuzi za sufu, na wiki mbili za kuficha, na mwanamke huyu alikuwa na pua, na pua yake ilikuwa imemaliza kazi ile ile miezi mitano kabla yangu. Nilianza kucheka. Mulamwa alipoona nacheka naye akacheka, mkono mdomoni, na tumbo lake likatikisika. Nilimshika tumbo kwa mikono yangu yenye harufu ya vitunguu. Furaha niliyoipata wakati ule sijaipata tena kwa kiwango hicho.

Ni mimi niliyegundua kwanza kwamba mama hacheki.

"Mama?"

"Ilikuwa yako," alisema. "Pesa yako ya kwanza. Kila asubuhi nikichotea huyu, mimi nilikunywanga kikombe moja kwanza. Kimoja tu. Nilijua sheria ni yangu, lakini nilitaka kuionja zawadi ya mtoto wangu."

Tulitoboa pipa kwa shoka alasiri ile, tukachimba shimo refu mahali pa mbali na chemchemi na shamba, na tukalifukia. Mtoto alizaliwa mvua zilipokwisha kukolea, msichana mzima, mwenye mwanya, na ndiye leo aniitaye senje, yaani shangazi, na kunikaripia nisipokunywa dawa zangu. Zile mimba mbili za mwanzo hatukujua kamwe zilipotea kwa nini. Hakukuwa na pipa wakati ule, na chemchemi haikuwa na kosa. Daktari alipohamishwa alinipa hadubini ndogo ya zamani iwe kumbukumbu, na nimeitazamia mambo mengi, lakini swali hilo halikuingia chini ya kioo.

Mama hakuugua siku ile wala mwezi ule. Aliishi miaka mingi. Kwenye viganja vyake alikuwa na vibonge vidogo vigumu, kama punje za mtama zilizoingia chini ya ngozi, na alisema ni vya jembe. Mimi nilikuwa nimesoma kwamba sumu ya josho, ikinywewa kidogo kidogo, huweza kuotesha vibonge kama hivyo viganjani baada ya miaka mingi. Huenda vilikuwa vya jembe. Wanawake wote wa kwetu walilima, na viganja vyao nilivitazama pia, mmoja mmoja, sokoni na kanisani, nikisalimia kwa mikono miwili. Sikuwahi kuona vinavyofanana sana na vyake, wala sikuona vilivyo tofauti kiasi cha kuniambia kitu. Kila nilipokwenda nyumbani, kabla hata ya kukaa, nilimshika mikono yote miwili, nikaigeuza viganja juu na kukaa navyo kitambo. Alidhani ni mapenzi, na yalikuwa mapenzi, lakini nilikuwa pia nahesabu.